Ridhaa ya Mzee Qalandar

Shirinmah ndiye aliyetuokea mikate pale zahanati, na kwa ulimi hakuwa na mpinzani bonde zima. Mimi naitwa Hawa, mkunga, mtu wa Muheza, na kabla ya kwenda kufanya kazi Badakhshan nilidhani masimango yote nimeshayasikia kwetu. Wapi! Aliinama juu ya tanuri, mikono imebabuka hadi viwikoni, akibandika kinyunya kwenye kuta zake za ndani huku akisema, "Mzee wangu kakohoa tena usiku kucha. Mungu kanipa mume, kasahau kumtia mapafu." Wanawake walivunjika mbavu, yeye hacheki. Mbele za wanaume aliitwa Mama Yunus. Jina lake tulilitaja sisi wanawake tu.

Huyo Yunus mwenyewe alikuwa Irani akibeba zege. Nyumbani alimwacha mkewe, Nazdana, na mimba. Kwa hiyo mwanamume wa nyumba ile alibaki mmoja, mzee Qalandar, baba yake, mgonjwa wa pumu.

Asubuhi moja Shirinmah alimleta Nazdana akiwa na uchungu. Nikampapasa tumbo: mtoto amelala kingamo. Hatoki bila mama kupasuliwa, na sisi hatukuwa na daktari wa upasuaji. Ilibidi twende hospitali ya mjini, ng'ambo ya mlima, na twende upesi. Nikatoka nje kumwita Tawakal, mwenye gari.

"Na mwanamume wenu yuko wapi?" Tawakal akauliza. "Mimi sibebi wanawake peke yao, Mama Yunus. Kwenye kizuizi cha barabarani nitachapwa mimi, si nyinyi."

"Ngoja nikakuletee mwanamume," Shirinmah akamjibu. "Ni mbovu, lakini ndevu anazo."

Mzee Qalandar akapakiwa kiti cha mbele, kilemba kichwani, amezongwa blanketi. Alikuja bila kulalamika, hilo nampa haki yake. Nyuma tukakaa mimi na Shirinmah, Nazdana katulalia mapajani, anauma ushungi wake asipige kelele. Njia ya mlimani ilikuwa vumbi na baridi. Mzee akakohoa, akakohoa, kisha akatulia. Nikashukuru kwamba amepata usingizi.

Kwenye kona moja kichwa chake kikamwangukia Tawakal begani. Tawakal akafunga breki. Nikanyoosha mkono nikamshika mzee shingoni, nikatafuta mapigo, sikuyapata.

"Inna lillahi," Tawakal akasema, uso umemparama. "Tunarudi. Maiti haitembezwi barabarani, yapaswa ikazikwe."

Shirinmah alipitisha mkono kati ya viti, akamfumba mumewe macho, akamvutia kilemba hadi kwenye nyusi. Akamwegemeza dirishani.

"Endesha."

"Mama Yunus, huyu ni mumeo!"

"Namjua. Yeye hana haraka tena. Huyu binti anayo. Endesha, nakwambia!"

Nilisubiri kilio, sikukisikia. Sikujua nimwogope yule mwanamke au nimkumbatie.

Kwenye kizuizi kijana mwenye bunduki aliinama dirishani. "Wanawake hawa ni wa nani?" Tawakal akamwonyesha mzee kwa kidevu. "Assalamu alaykum, baba," kijana akasema. Kimya.

"Hasikii!" Shirinmah akafoka kutoka ndani ya baibui lake. "Kakohoa usiku kucha, sasa ndiyo kapata usingizi. Mwamshe basi, akutemee makohozi!"

Kijana akaruka nyuma, akacheka, akatupungia mkono tupite.

Tulipofika hospitali Nazdana alikuwa haitiki tena akiitwa. Wauguzi wa kike wakaja na machela. Lakini mlangoni alisimama karani mmoja, mtu wa makamo mwenye ndevu za hina, akatuzuia. Mwanamke hapasuliwi mpaka mwanamume wake aridhie kwa kinywa chake.

"Atakufa hapa hapa!" nikampigia kelele.

"Dada, akipasuliwa bila idhini, nduguze watakuja kunipasua mimi."

"Mkwewe yuko garini," Shirinmah akasema. "Kamuulize."

Karani akaenda hadi dirishani. "Baba, unaridhia mkaza mwanao apasuliwe?" Akangoja. Akauliza tena. Akauliza mara ya tatu, kwa sauti ya kumwita kiziwi. Mimi nilishaanza kusoma dua.

"Umemuuliza mara tatu?" Shirinmah akasema.

"Tatu. Hajibu."

"Mimi nilipoozwa nilikuwa mtoto, bado nalala na mama yangu. Mlikuja nyinyi wanaume mlangoni mkaniuliza mara tatu, nami nikanyamaza. Mkasema kanyamaza, karidhia, mkala pilau yenu mkaenda. Haya, na yeye kanyamaza."

Karani alipitisha mkono dirishani amtikise mzee bega. Mkono ukasita. Akamgusa shavu. Kisha akageuka akamtazama Shirinmah, na mimi nikajua tumekwisha, sasa anaita askari.

Akalivuta blanketi, akamfunika mzee hadi kidevuni. "Mzee ameridhia," akasema kwa nguvu, wa getini nao wasikie. "Mpelekeni ndani."

Nazdana alipona. Mtoto, wa kike, alitolewa akiwa maiti. Daktari alituambia laiti tungewahi kidogo, nami nilimchukia kwa neno lile ingawa hakuwa na kosa. Tungewahi wapi? Kwa dereva, kwa kijana wa bunduki, au pale mlangoni? Mwanamke anakufa, na kila hatua anatafutwa mwanamume wa kumsemea.

Tukakaa chini ukumbini, tukingoja ndugu wa mzee waje kumchukua. Tayari Tawakal alikuwa amewapelekea habari, na tulijua watakuja na matusi yao: mke gani huyu anayemtembeza mumewe maiti? Shirinmah hakuwa ametoa chozi bado. Nikamshika mkono.

"Siku ile ya ndoa," nikamuuliza, "kweli ulinyamaza?"

"Nilinyamaza."

Akauvuta mkono wake, akajifunika uso, mabega yakaanza kumtikisika.

"Nilikuwa nakataa, Hawa," akasema. "Nilikuwa nakataa."