Mwaka Tuliohamia Bwenini

Harufu ya maharage yanayochemka kwenye pipa, juu ya kuni mbichi za mkaratusi, bado hunipandisha hasira. Wenzangu wakiinusa husikia njaa. Mimi hukumbuka bweni la wasichana kule Gitega, na baba yangu, aliyekuwa gavana, akinionyesha kitanda cha chuma kana kwamba ameninunulia gari.

Kabla ya hapo tulikaa Muyinga, katika nyumba ya gavana. Baba alikuwa mwalimu wa hesabu hadi serikali ilipomteua. Vita vilikuwa vimeshika nchi, lakini sisi tulikuwa na askari langoni, na mmoja wao alimfundisha mdogo wangu Rashidi kupiga saluti. Mama, binti wa wauza vitenge wa mtaa wa Waswahili, aliizoea heshima ile polepole, kisha akaipenda. Bibi peke yake alikuwa akituonya: "Mpanda ngazi hushuka." Tulimcheka.

Siku moja redio ikasoma jina la gavana mpya tukiwa tunakula mchana. Baba akaendelea kula. Baadaye akapewa chuo kikuu kidogo cha Gitega akiongoze, na Mama akajipa moyo kwamba rekta, mkuu wa chuo, naye hupewa nyumba. Kweli ilikuwepo, yenye bustani na bafu la maji ya moto. Hatukuifaidi.

Shida ilikuwa wanafunzi. Wengi walikuwa wamekimbia, na waliobaki waliogopana. Wa kabila hili wakilala chuoni, wa kabila lile walikwenda kulala kwa jamaa zao mjini. Baba aliwahutubia. Wakampigia makofi kwa adabu, na jioni wakabeba vifurushi vyao wakaondoka vilevile. Ndipo alipotuambia tufungashe vitu.

"Wakiona wanangu wanalala humo bwenini, wataamini usalama iko," alisema.

Mama alitupa chini nguo aliyokuwa akiikunja. "We Baba Zaina, watoto wangu si bendera, uipandishe watu waone! Mi niliolewa na wewe, sikuolewa na serikali."

"Bon, haya, tujaribu mwezi mmoja."

Ukawa mwaka mzima. Mimi na Mama tulilala kwa wasichana, Baba na Rashidi kwa wavulana. Nilipanga foleni ya maji na ndoo iliyonizidi nguvu. Nilikula maharage mpaka nikawa nayaota. Shuleni wenzangu waliniita "mwanafunzi wa chuo" wakinicheka, nami nilirudi nikalia chini ya blanketi, nikimchukia baba kwa moyo wote wa mtoto wa miaka kumi.

Kitanda cha jirani kilikuwa cha msichana mmoja kutoka Gishubi, jina lake Esperansi. Alilala na viatu miguuni, kamba zimefungwa. Nilimuuliza kama havimwashi.

"Vinaniwasha," akajibu. "Lakini aliyevua viatu hukimbia wa mwisho."

Jioni moja risasi zililia upande wa bonde. Mama alinilalia juu sakafuni, pale kati ya vitanda, nikasikia moyo wake ukigonga mgongoni mwangu. Baba alikuja mbio kututazama. Mama alimkazia macho mpaka Baba akainamisha kichwa. Kulipopambazuka nilidhani sasa tutahama. Hatukuhama.

Wanafunzi wakaanza kurudi, mmoja mmoja. Asubuhi moja niliona viatu vya Esperansi chini ya kitanda, naye amelala miguu mitupu. Nilimwambia Baba tukinywa uji, kama kichekesho. Aliweka kikombe chini, akatoka nje, akasimama muda mrefu ametugeuzia mgongo. Nilidhani amechukizwa na umbea wangu.

Miaka mingi baadaye, amani imekwisha kurudi na yeye amestaafu, anaishi Muyinga, nilimuuliza kwa nini alituhamishia bwenini. Akanieleza habari za kijiji kimoja upande wa Butihinda. Akiwa gavana alisimama mbele ya watu waliotoka ukimbizini Tanzania, akawaambia warudi makwao, kuna usalama. Wakamwamini. Kabla hawajavuna, nyumba zao zilichomwa, na wengine hawakutoka.

"Niliwapa maneno," alisema, "mi nikarudi kulala nikilindwa na askari."

Nilikwenda jikoni kumweleza Mama, aliyekuwa akichambua mchele. Hakuinua macho.

"Najua. Nilijua tangu siku ile tunafungasha, ndiyo maana nilikwenda. Lakini angeniuliza, mwanangu. Hakuniuliza."

Sasa nina binti wa umri ule niliokuwa nao bwenini. Nikimtazama akicheza, nakubali kwamba baba aliwatendea haki watoto wa watu. Kuhusu watoto wake mwenyewe, bado sijakubali.