Marietha wa Nambungo, Aliyesoma Somo la Mwaka Uliopita

Katika kijiji cha Nambungo, kwenye vilima vya Wamatumbi juu kidogo ya Kipatimu, tarehe 3 Mei 1971 alizaliwa Marietha, mtoto wa tatu wa mkulima Jerome Mbonde. Nyumba yao ilikuwa ya wasuka mikeka, na kabla hajajua kutembea vizuri alikuwa akichezea ukili, ule mkanda wa milala iliyosukwa ambao wanawake hushona mkeka kwa kuuzungusha. Alibatizwa mwezi uliofuata. Akiwa na miaka minne aliongoza litania jikoni bila kuruka jina hata moja, mama yake akiitikia huku anapepeta mchele. Majirani walisema mtoto huyu atakuwa msomi. Mungu alikuwa na shauri jingine, na lilianza kwa aibu.

Alipoanza shule, herufi zilimkataa. Alichoambiwa alikishika siku hiyohiyo. Alichoandikiwa ubaoni kilimtoroka, mistari ikipandana, herufi ya jana ikiwa ngeni leo. Wenzake walimpa jina la Gogo, kama kipande cha mti kisichosikia, na mwalimu naye akalitumia. Alichapwa miaka mitano kwa kosa ambalo halikuwa kosa. Na liandikwe wazi, kwa sababu wengi hupenda kulipita haraka: mwalimu yule hakuwa katili. Alisadiki tu kwamba mtoto asiyesoma hataki kusoma, na wapo mpaka leo wanaosadiki hivyo, wamevaa vizuri, wanaheshimiwa, na fimbo iko nyuma ya mlango. Mwaka 1984, akiwa darasa la tano, Marietha alirudi nyumbani, akaweka daftari juu ya dari na kushika jembe. Hakuolewa. Aliishi na mdogo wake Justa, akilima na kusuka, na kila jioni akienda kanisani kusali rozari.

Mwaka 1994 katekista wa kigango cha Nambungo, aliyemsikia akisali kwa sauti, alimwomba awe msomaji wa masomo ya misa. Marietha alishindwa kukataa, na alishindwa kusema kwa nini anapaswa kukataa. Kuanzia hapo kila Jumamosi Justa alimsomea somo mara tatu, na Jumapili Marietha alisimama mbele ya kitabu kilichofunguliwa, akatembeza macho juu ya mistari, na kutamka kila neno mahali pake. Miaka kumi na mitano alifanya hivyo. Watu walisema hakuna asomaye kama yeye. Sifa hiyo ilimchoma, na katika maungamo yake hakuwahi kuitaja.

Jumapili ya kwanza ya Majilio, mwaka 2009, mvua zilikuwa zimekata barabara na kalenda mpya ya masomo haikuwa imefika vilimani. Justa alitumia ya zamani. Siku hiyo Marietha alisimama na kusoma, kwa sauti nzuri kuliko siku zote, somo la mwaka uliopita. Padre Mikaeli, aliyekuwa akifuatilia katika kitabu chake, aliinua uso na kusema taratibu, "Mama, hilo ni la mwaka jana. Soma lililoko mbele yako."

Marietha alitazama ukurasa. Kisha akasema, "Baba, siwezi. Sijawahi kuweza. Huwa nasomewa nyumbani."

Kutoka benchi la wanaume mtu alicheka, na mwingine akasema si kwa kunong'ona, "Kumbe tulikuwa na redio." Marietha hakuondoka. Alibaki ameshika kingo za meza ya masomo, na hapo ndipo Monika, mama wa watoto sita kutoka bondeni, alisimama na kusema, "Na Rosa wangu ni hivyohivyo. Ana akili, herufi hazimkai. Nimemchapa mpaka nimechoka." Misa ilipokwisha, akina mama tisa walimsubiri nje.

Aliungama siku ileile. Padre Mikaeli alisimulia baadaye, kwa ruhusa ya Marietha mwenyewe, neno alilompa: "Uongo wako umeondolewa. Kumbukumbu yako nakuachia, ukaifanyie kazi." Na malipizi yake yalikuwa kuendelea kusoma masomo, Justa akisimama pembeni yake mbele ya watu wote na kumtamkia sikioni sentensi baada ya sentensi. Alifanya hivyo kila alipokuwa Nambungo, hadi mwisho wa maisha yake, na hakuna aliyecheka tena.

Watoto wa akina mama wale aliwakusanya kwenye stoo ya kigango. Hakuwa na vitabu, na vingemfaa nini? Alisuka ukili, akaukunja na kuushona juu ya magunia kwa umbo la herufi, kila moja kubwa kama sinia, na watoto wakazipitia kwa vidole wakiwa wamefumba macho, wakitamka. Naye alijifunza pamoja nao, akiwa na miaka thelathini na nane, polepole, na hakuwahi kufika mbali. Mwaka 2011 mwalimu wa chuo aliyepita Kipatimu aliwaambia kwamba ugumu huo una jina, disleksia, kwamba si ujinga wala laana, na kwamba njia ya kidole na sauti ni njia ya kweli. Marietha alimsikiliza hadi mwisho, akauliza, "Kwa hiyo sikuwa mvivu?" Alipojibiwa kwamba hakuwa mvivu, alilia.

Mwaka 2012 shirika la Sikio na Mkono liliandikishwa, Marietha akiwa mwenyekiti, na likapata chumba kimoja Kilwa Masoko. Huko pwani Marietha alimfuata Ustadh Ridhiwani wa Kivinje, mwalimu wa madrasa, mzee mwenye maneno ya mzaha. Ustadh alimwambia, "Ninao wanaohifadhi juzuu tatu kwa sikio, na alifu ukiwaonyesha wanaona kijiti."

"Unawachapa, Ustadh?"

"Nilichapa sana. Aliyechoka ni mimi."

Tangu siku hiyo Mwislamu yule na Mkatoliki yule walikwenda vijiji pamoja, na kila mtoto waliyemkuta aliandikwa jina, na kila jina Marietha alilishika kichwani.

Jaribu lake kubwa lilikuja mwezi Machi 2016. Wageni waliotaka kulisaidia shirika walikuwa njiani, na bodi ilikutana Kilwa Masoko. Katibu, Jonas, mwalimu mstaafu kutoka Rondo, mtu mwaminifu, alisoma katiba yao wenyewe: mwenyekiti awe anajua kusoma na kuandika. Alisema kwa huzuni, "Mama, tunakupenda. Lakini wageni watakupa karatasi mbele ya watu. Utafanyaje?" Mjumbe mmoja, mfanyabiashara, aliongeza, "Watasema hawa wameshindwa kumfundisha hata mkubwa wao."

Kilichokuwa mezani hakikuwa cheo. Kama asiyesoma hafai kuwaongoza wasiosoma, basi kila mtoto wa Sikio na Mkono angejua mahali pake ni wapi maisha yake yote. Marietha alilijua hilo, na hakujitetea. Alisema, "Kabla hamjapiga kura nisomeeni ripoti wanayopewa wageni. Yote, na majina. Mara moja tu."

Jonas alisoma karibu saa nzima, kijiji baada ya kijiji, Marietha akisuka ukili mapajani. Alipomaliza, Marietha alisema, "Likawage umesema watoto kumi na wanne. Majina umetaja kumi na matatu. Zuwena Bakary hukumtaja."

Jonas alirudi kwenye karatasi. Jina halikuwepo. Aliyechapa ripoti aliliruka, na watu watatu wanaosoma vizuri walikuwa wametia saini chini yake.

"Yuko wapi?" aliuliza Marietha. Hakuna aliyejua. Akauliza tena, "Yuko darasa la saba. Uandikishaji wa mtihani unafungwa lini?" Jonas akajibu kwamba unafungwa Ijumaa. Ilikuwa Jumatatu. Marietha alikunja ukili wake. "Kura pigeni. Gari la Nangurukuru linaondoka saa saba."

Alipanda gari, akapanda pikipiki, na pikipiki ilipokwama kwenye tope alikwenda kwa miguu. Jumatano asubuhi alimkuta Zuwena, miaka kumi na minne, katika shamba la mpunga nje ya Likawage, juu ya dungu, ule ulingo wa miti wa kulindia mazao, akiwinga ndege. Baba yake, Bakary, aliweka kiti na kusema, "Mama, umetoka Masoko kwa ajili ya huyu?"

"Kwa ajili ya huyu."

"Hana kichwa cha shule. Hata ujumbe wa mjomba wake kwenye simu hawezi kuusoma."

"Hata mimi siwezi," alisema Marietha. "Na umenipa kiti."

Bakary alicheka, kisha akageuka kulitazama shamba. Mwishowe akasema, "Haya. Na ndege watawingwa na nani? Mpunga wangu ndio huo, hakuna mwingine."

"Nami nina mikono."

Ndivyo mwenyekiti wa shirika alivyopanda dungu, mama wa miaka arobaini na minne, akavuta kamba za madebe na kupiga kelele tangu alfajiri hadi jua kuzama kwa siku nne, akinyeshewa, huku Zuwena amerudi darasani na jina lake likiandikwa Alhamisi, siku moja kabla ya mwisho. Siku ya tano Bakary mwenyewe alikuja kumshusha. Alisema, "Teremka, mama. Watu wananisema kijiji kizima." Marietha alirudi Masoko na homa kali iliyomlaza wiki mbili, na tangu hapo kifua chake hakikupona sawasawa.

Bodi haikuwa imepiga kura. Jonas alimfuata kitandani, akampa shikamoo ingawa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kwa miaka, na kumwambia kwamba wamekifuta kile kifungu cha katiba. Mahali pake wameandika kwamba ripoti yoyote isomwe kwa sauti, majina yote, kabla ya mtu kuitia saini. Wageni walipokuja, walikaa saa nzima wakisomewa majina.

Zuwena alifanya mtihani na hakufaulu, kwa kuwa hakuruhusiwa kusomewa maswali. Hilo lisifichwe. Alikwenda Lindi kujifunza ufundi umeme, ambako aliyemfundisha alitumia mkono zaidi ya ubao, na leo anaendesha darasa la Sikio na Mkono Likawage siku ambazo hana kazi ya kufunga nyaya.

Marietha aliongoza miaka sita zaidi. Mwaka 2022 kifua kilimzidi, akarudi Nambungo kwa Justa. Tarehe 9 Oktoba, baada ya kupokea sakramenti, alimwomba Justa amsomee majina ya watoto wapya wa mwaka huo. Justa alisoma haraka, sauti ikimkatika kwa machozi. Marietha aliinua kidole. "Rudia huyo wa mwisho. Hukumtamka vizuri." Justa alirudia. Hilo ndilo neno lake la mwisho.

Siku ya mazishi vijana wa Kivinje walisaidia kubeba jeneza kwenye mlima, na Ustadh Ridhiwani alisimama karibu na Padre Mikaeli. Kaburini akina mama walitamka majina ya watoto wote wa shirika tangu mwanzo, mia mbili na kumi na mawili. Watu wa Nambungo wanasimulia kwamba mvua ilikuwa imefunga vilima pande zote, kila mtu akiisikia inakuja, na haikudondoka kaburini mpaka jina la mwisho lilipotamkwa. Kanisa halijapima simulizi hilo wala halijamtangaza Marietha kuwa mtakatifu, nasi tunaliacha mikononi mwa wenye mamlaka. Lakini hapahitajiki tume kutambua kwamba mwanamke aliyeitwa Gogo aliwasikia waliorukwa na wasomi.

Basi wewe unayeyapita maneno haya kwa macho bila shida, usijisifu, kwa maana ulipewa bure. Katika nyumba yako, au benchi lako, au darasa lako, yupo mmoja ambaye ukurasa huu kwake ni ukuta. Unamjua, na huenda umewahi kumcheka. Mwite akae karibu nawe leo, umsomee habari hizi tangu mwanzo, bila haraka, na akikuambia urudie, rudia.