Bibi Eunike na Kitabu cha Kusema Kweli

Bibi Eunike wa Sekei, mwalimu wa Shule ya Jumapili kwa miaka ishirini na miwili, alikuwa na namna yake ya kuchagua vitabu vya picha: alianza na ukurasa wa mwisho. Kama mkosaji hajalia mpaka hapo, kitabu kilirudi rafuni.

Brayson, muuza vitabu wa Ngarenaro, alishamzoea.

"Shikamoo, mwalimu. Hiki cha sungura watoto wanakipenda sana."

"Marahaba. Huyu ameiba maharage ya watu. Kaadhibiwa ukurasa gani?"

"Hajaadhibiwa, mwalimu. Kakimbia tu."

"Basi na wewe kimbia nacho."

Akachagua cha mtoto aliyesema kweli mbele ya kijiji kizima. Picha ya mwisho, bibi yake anamkumbatia huku anacheka. Kilikuwa cha mjukuu wake Vaileth, wa miaka mitano, aliyeachwa kwake na mama yake aliyepata kazi kwenye mashamba ya maua kule Usa River. Bibi Eunike alimpenda mtoto yule kupita kiasi, na hofu yake ilikuwa moja tu: asije akamlea mwongo. Wiki nzima wakasoma kitabu hicho hicho, mpaka Vaileth akakikariri.

Jumapili ikawa ya mavuno. Baada ya ibada, sadaka zikatolewa nje zinadiwe: mikungu ya ndizi, kahawa, mayai, na kuku mwekundu wa Bibi Eunike, kafungwa utepe mweupe miguuni. Mzee Sifaeli, mnadishaji, akamwinua juu.

"Tetea wa Mwalimu Eunike! Huyu ni mayai kila siku! Nani anaanza?"

Mchungaji mwenyewe akanyoosha mkono. Bibi Eunike akatazama viatu vyake.

Vaileth akapanda juu ya benchi.

"Babu Sifaeli, huyo hatagi! Bibi alisema ameacha tangu Pasaka, na nyama yake itakuwa ngumu, bora tumpeleke kwa Mungu!"

Washarika wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mchungaji akaushusha mkono taratibu, akajikuna sikio. Bibi Eunike aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Hakuna mwingine aliyenyoosha mkono; ikabidi amnunue kuku wake mwenyewe, kwa bei ya kuku wawili, kisha akashika njia ya nyumbani, kuku kwapani, mtoto mkononi.

Walipofika, Vaileth alikwenda moja kwa moja kuchukua kitabu. Akafungua ukurasa wa mwisho, kama alivyofundishwa. Akaitazama picha, akamtazama bibi yake.

"Bibi, si nimesema kweli mbele ya watu wote?"

"Umesema."

"Huyu bibi anacheka. Wewe mbona hucheki?"

Bibi Eunike akashika jibu lililokuwa karibu.

"Jino linaniuma, mwanangu."

Vaileth akaweka kitabu chini, akasogea, akamfungua mdomo kwa vidole vyake viwili.

"Lipi?"