Yu Tumirah na Bukta Isiyochafuka

Yu Tumirah amefua nguo za timu yetu kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo amekanyaga uwanjani mara moja tu. Ukimwuliza kwa nini, alikuwa akijibu kwamba mpira wote anauona kwenye karai. Hayakuwa majisifu. Uwanja wetu wa Karangjati ni udongo mwekundu uliopandwa nyasi kwa matumaini, mvua zikianza ni tope tupu, na bukta za timu ni nyeupe. Mwenyekiti aliyechagua rangi hiyo hajawahi kufua hata leso yake.

Kila Jumatatu asubuhi mtunza vifaa humpelekea magunia mawili. Yu huyamwaga uani, hupanga nguo kwa namba zake, kisha huzisoma kabla ya kuzilowanisha. Namba saba ana tope matakoni kila wiki, basi anajiangusha kutafuta penalti. Namba tatu tope lake liko nyonga ya kushoto tu, maana yake mguu wa kulia unamuuma na anamficha daktari. Akishamaliza kusoma ndipo huponda birimbi, huyasugua madoa nazo pamoja na sabuni ya mche, na jioni yote yanakuwa yamefutika.

Aliyoyasoma hakuyasema. Kazi hii aliirithi kwa mama yake, aliyekuwa akifulia nyumba kubwa za mji, na pamoja na karai mama alimwachia kanuni moja: nguo haina mdomo, na mfuaji asiwe nao. Mfuaji anajua nani amelala wapi na nani anatema damu. Akianza kusema, mji haukaliki. Sote tunamwita Yu, dada mkubwa, hata wanaomzidi umri, na nadhani ni kwa sababu hiyo.

Basi msimu ule timu ikamsajili Jufri Patunru, mtu wa Makassar ng'ambo ya bahari, aliyekuwa beki wa timu ya taifa enzi zake. Enzi zake, nasema, kwa kuwa alikuwa ametimiza miaka thelathini na nane. Habari ilipofika kwenye kibanda cha kahawa cha Pak Wagiso, yaani Mzee Wagiso, hapakutosha.

"Thelathini na nane!" nikasema. Mimi ni Tugiran, fundi baiskeli, na sauti yangu haihitaji spika. "Hii ni timu ya mpira au tumefungua kituo cha kulelea wazee?"

"Utu uzima dawa, Giran," Pak Wagiso akajibu, akikoroga kahawa bila kuniangalia.

"Dawa ya nini? Wale vijana wa pwani wanakimbia kama wameiba kuku. Yeye atamkimbiza nani?"

Ngadiman, dereva wa lori, akatafuna kwanza tempe yake, soya iliyochachushwa ikakaangwa. "Mimi lori langu ni la mwaka tisini na moja. Na mlima linapanda."

"Linapanda likisukumwa! Juzi nani alikusukuma?"

"Ulinisukuma wewe, Kang, kaka yangu. Lakini lilipanda au halikupanda?"

"La kuvunda halina ubani, jamani. Mtakuja kuniambia."

Mechi tatu za kwanza zikanipa kiburi. Sare, tukafungwa moja, sare tena. Na huyo Jufri alikuwa anatembea! Wenzake wanahema kama mbwa, yeye mikono kiunoni, anatembea kama mtu anayekagua shamba la mpunga la mkwewe. Nililipigia kelele jambo hilo kila siku, mchana na jioni, mpaka mke wangu akanihamishia chakula changu kibarazani.

Alasiri moja Yu Tumirah alipita kibandani kununua tempe. Nikamwita.

"Yu, wewe ndiye unayewafulia. Hebu tuambie, huyo babu wenu vipi?"

Siku nyingine angetabasamu na kwenda zake. Lakini siku hiyo alikuwa na jambo lake lililomkereketa wiki tatu, akasimama na kifurushi chake mkononi.

"Ajabu yake," akasema, "bukta yake inarudi safi. Mara tatu sasa. Mvua inanyesha, wenzake wametota tope mpaka kwenye mpira wa kiunoni, yeye kama alikuwa amekaa sebuleni. Sijawahi kuona beki wa namna hiyo. Hivi inawezekanaje?"

Aliuliza. Nataka hilo lieleweke. Yule mwanamke aliuliza swali, sisi tukalipokea kama jibu.

"Safi!" nikaruka. "Mmesikia? Anaogopa kuchafuka!"

Yu alijaribu kusema kitu, lakini nani angemsikia tena. Maji yakimwagika hayazoleki. Mechi iliyofuata nilifika uwanjani na bukta niliyoshonesha kwa mashuka mawili meupe, tukaipandisha juu ya mianzi miwili, na jukwaa zima likawa linaimba: "Usichafuke, babu, usichafuke! Nani atakufulia?" Wengine walikuja na bukta zao wenyewe, wanazipunga hewani. Nilifurahi kuliko siku niliyooa, sifichi.

Jufri aligeuka mara moja akatutazama. Baada ya hapo akaanza kujirusha. Mpira ukipita, anateleza chini kuunyang'anya. Mshambuliaji akigeuka, yuko chini tena. Kila alipoanguka tulishangilia, na karibu kila tuliposhangilia tulifungwa. Ikaisha tatu bila. Mwenyekiti akatangaza papo hapo kwamba tukipoteza na Jumapili inayofuata, mkataba wa Jufri unachanwa. Kwa umri ule, akiachwa katikati ya msimu hakuna timu nyingine ambayo ingempokea.

Bukta yangu kubwa ilikuwa imedondoka topeni, kwa hiyo Jumatatu nikampelekea Yu aifue. Nilimkuta uani, gunia limemwagwa, bukta ya Jufri iko mapajani pake.

"Hiyo sifui," akasema.

"Yu, ni mashuka tu haya."

"Nimesema sifui, Giran. Hili wazo mlilitoa wapi?"

"Si kwako?"

"Ndiyo," akasema. "Kwangu." Akaninyanyulia bukta ile niione. Tope nyonga zote mbili, tope mbele, na damu kwenye pindo la mguu wa kulia. "Iliporudi safi hatukufungwa zaidi ya bao moja. Imerudi hivi, tumefungwa matatu. Hilo hukuliona, wewe wa kila mechi?"

Nikasema ni bahati mbaya tu. Nikachukua mashuka yangu nikaondoka, nimenuna. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia kwamba Yu Tumirah amekataa nguo ya mtu.

Siku ya pili yake hakumsubiri mtunza vifaa. Alikunja nguo, akazibeba mwenyewe hadi bweni la wachezaji, akauliza chumba cha Jufri. Waliyosema humo sikuyajua mpaka miaka minne baadaye, na aliyenisimulia ni Jufri.

Alimkuta ametumbukiza mguu kwenye ndoo ya maji moto yenye tangawizi. Akamwekea bukta kitandani na hakukaa.

"Mwanangu, yale maneno ya bukta yalitoka kinywani mwangu. Sikukusudia, lakini yalitoka kwangu. Nimekuja nikuambie mwenyewe."

Jufri akamtazama sana. "Mama ndiye unayezifua?"

"Ndimi."

"Naona unazisoma kuliko kocha."

Hapo angeweza kuaga, maana alilojia lilikwisha. Lakini swali lilikuwa bado linamchoma. "Niambie, inakuwaje? Wiki nne hizi nalala nalo na kuamka nalo."

Jufri akacheka, kisha akaufunga mlango kwa mkono bila kutoa mguu kwenye ndoo.

"Kuanguka naweza, Mama. Kuinuka ndiko kunakonishinda. Hili goti likigusa chini linajifunga. Nahesabu mpaka kumi na mbili ndipo linafunguka, na mpaka hapo wapinzani wameshafunga bao. Basi nimejifunza kuwahi. Nikifika kabla ya mpira, sina haja ya kuanguka."

"Na ikikulazimu?"

"Najifanya nafunga kamba za viatu." Akaacha kucheka. "Lakini hili likivuja, wapinzani wataniangusha dakika ya kwanza na kazi yangu imeisha. Daktari wa timu hajui. Tafadhali."

Yu akamwahidi. Alikwenda kule kutua mzigo, akarudi na mwingine mzito kuliko ule wa kwanza. Sentensi moja tu kibandani ingetunyamazisha sote, na sentensi hiyo ndiyo hasa aliyoapa kutoitamka.

Jumamosi alikuja kwa Pak Wagiso. Hakununua kitu. Alisimama mbele yetu na kitambaa chake kichwani, mtu mfupi, mikono imekwajuka kwa sabuni.

"Kesho nakuja uwanjani," akasema.

Ngadiman alipaliwa na kahawa.

"Nataka mkae nami. Dakika kumi za kwanza mtazame bukta ya Jufri. Msitazame mpira. Bukta yake tu."

"Ya nini sasa?" nikauliza. "Kuna nini kwenye hiyo bukta?"

"Sijui, sijawahi kuiona ikiwa imevaliwa. Ndiyo maana nataka kutazama." Akanigeukia. "Dakika kumi zikiisha na bado unataka kulipandisha hilo lishuka lako, Giran, nitalifua kwa mikono yangu, na mwanzi mmoja nitaubeba mimi."

Nani angekataa? Nilijiona nimeshinda kabla hata ya kulala.

Jumapili mvua ilikuwa ya rasharasha. Yu alikaa katikati yetu na mwavuli wake, amebana miguu, anauliza kwa sauti kila jambo: kwa nini yule amevaa rangi nyingine, kwa nini huyu mwenye nguo nyeusi anapuliza filimbi hovyo. Filimbi ya kuanza ikalia. Jaribuni siku moja kutazama mpira bila kuutazama mpira. Macho yanatoroka. Kila yangu yalipotoroka, alinifinya.

"Giran! Bukta!"

Mwanzoni sikuona chochote. Mtu anatembea. Kisha nikaanza kujiuliza anatembea kwenda wapi, na hapo nikashikwa. Mpira ukiwa bado upande wa pili kabisa wa uwanja, yeye anasogea hatua mbili kushoto, bila haraka. Muda unapita. Halafu mpira unakuja, umepigwa kwa nguvu, unatua pale pale aliposimama, naye anautoa kwa upande wa mguu. Akinyoosha kidole, namba tatu anarudi nyuma, na pasi iliyokuwa ipigwe haipigwi. Mshambuliaji wao hatari alifika mara tano na mara tano alimkuta mwenyeji yuko nyumbani.

"Anajuaje?" Ngadiman akanong'ona. "Hebu niambieni, anajuaje?"

"Nilisema mimi," akasema Pak Wagiso. "Mimi nilisema toka siku ya kwanza."

"Tazama, tazama, sasa anakwenda kulia. Kwa nini kulia? Hakuna mtu huko."

"Subiri."

Mpira ukaenda kulia. Tukapiga kelele kama tumefunga bao. Nilipokumbuka kutazama saa, kipindi cha pili kilikuwa kimeanza zamani, tulikuwa tunaongoza moja, na bukta yangu kubwa nilikuwa nimeikalia ili nisilowe.

Dakika ya themanini na nane kipa wetu aliteleza. Mpira ukampita, ukawa unajikokota kuelekea goli tupu. Hapakuwa na la kuwahi tena. Jufri akajirusha mwili mzima, akateleza topeni kama magogo yanavyoshushwa mlimani, akautoa kwa ncha ya kiatu ukiwa juu ya mstari. Kona.

Jukwaa zima likasimama kwa nderemo. Yu Tumirah peke yake alibaki amekaa, ameushika mkono wangu mpaka kucha zikaingia.

"Funga kamba, baba," alikuwa anasema. "Funga taratibu."

Nikatazama. Kweli, Jufri alikuwa amepiga goti, anashughulika na kamba za kiatu. Lakini kiatu kilikuwa kimefungwa vizuri, hata kutoka pale nilipokuwa nilikiona. Nikamtazama Yu. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Ilipoacha kuhesabu, Jufri alisimama, kona ikapigwa, na kichwa cha kwanza kuugusa mpira kilikuwa chake. Filimbi ikalia. Tumeshinda, na mkataba haukuchanwa. Yu alikuwa analia, nami nikadhani ni furaha ya mgeni wa mpira.

Jumatatu nilimpelekea yale mashuka na safari hii aliyapokea. Alifumua mshono wote, akanirudishia mashuka mawili yaliyopigwa pasi. Kwa kuwa sijui kujizuia, nikamwuliza bukta ya Jufri imerudije.

"Nguo haina mdomo," akanijibu, akaendelea kuponda birimbi.

Jufri alituchezea misimu miwili kisha akastaafu kwa heshima. Mwaka juzi alipita mjini kwetu, akakaa kwenye karakana yangu nikimzibia tairi la baiskeli ya kuazima, na kwa kuwa sasa halina madhara, akanisimulia yote, goti na ndoo ya tangawizi. Nilipomaliza kuziba sikunawa hata mikono. Nilikimbia moja kwa moja hadi kwa Yu Tumirah, nikamkuta anaanika.

"Yu! Nimejua! Goti la Jufri! Kumi na mbili, kamba za viatu, bwenini, yote. Kanisimulia mwenyewe, kwa kinywa chake."

Akaikamua jezi aliyokuwa nayo, akaikung'uta, akaining'iniza kwenye kamba na kuibana vibanio viwili.

"Goti gani?" akasema.