Kitambaa cha Mama na Kiti cha Mgeni wa Heshima

Mimi nikisikia tarumbeta za sikukuu huwa naingia ndani na kufunga dirisha, na mkiniuliza kwa nini nawaambia kichwa kinaniuma, lakini leo mmenibana na chai imeshamiminwa, acheni niseme tu, hata kama mtanicheka (na mtanicheka, najua, hata mimi ningecheka kama ingekuwa ya mtu mwingine). Ni aibu niliyoibeba tangu miaka ya tisini. Sehemu inayochekesha ni fupi sana, hayo mengine ndiyo yananifungisha dirisha.

Tulikuwa tunakaa Mbotela, mimi na Mama, karibu kabisa na Barabara ya Jogoo. Baba alikuwa dereva, akafariki nikiwa bado shuleni. Mimi nilikuwa fundi wa kuchonga, ile kazi ya watu wa kwetu Ukambani, na Mama alikuwa na kibanda cha mabati kando ya barabara, anapika uji na githeri, yaani mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kwa vibarua wanaotembea kwenda viwandani. Msinione najigamba kwa ufundi, maana vinyago vyangu watalii walivishika wakavirudisha, na kila kilichoingia tumboni mwetu kilitoka kwenye kile kibanda. Kodi ya nyumba vilevile. Hata viatu nilivyokuwa nikivaa kwenda kuonana na wasichana vilinunuliwa na githeri.

Sasa mwaka ule tukasikia gwaride la Jamhuri litapita kwetu, na jukwaa dogo litajengwa pale Mbotela ili mgeni wa heshima apokee saluti ya mitaa. Basi mji ukaanza kuogeshwa kwa nguvu. Mashimo ambayo tulikuwa tumezoea kuyaruka yakajazwa, mitaro ikazibuliwa, nyasi zikafyekwa, bendera zikafungwa kwenye nguzo, taa za barabarani ambazo hatukuwahi kuziona zikiwaka zikawaka hadi mchana, na watoto wa shule wakawa wanapigishwa kwata uwanjani mpaka wanarudi nyumbani wekundu kwa vumbi. Kila jiwe likapakwa chokaa. Tukafurahi, kumbe na sisi tulikuwa kwenye orodha ya uchafu, kwa sababu asubuhi moja wakapita watu na kopo la rangi nyekundu wakipiga alama ya msalaba kwenye vibanda. Cha Mama kikapigwa mlangoni kabisa. Maana yake ni kwamba kitabomolewa.

Mama hakulia. Alichukua kitambaa cha vyombo akajaribu kuifuta ile alama, ikakataa, akaendelea kupakua githeri.

Siku chache baadaye akaja Diwani, mtu mnene mwenye sauti ya kutangazia mikutano, akanikuta na patasi nje ya nyumba.

"Kijana, mgeni wa heshima siwezi kumkalisha kwa kiti cha plastiki. Unaweza kunichongea kiti?"

"Naweza, Mheshimiwa."

"Kiwe cheusi. Kiti cheupe kinafanana na jeneza. Ukinitolea kiti cha maana, kibanda cha mama yako hakiguswi. Hiyo alama mwambie aipake chokaa."

Mama aliipaka chokaa siku hiyohiyo, mlango wote, ukuta wote, na mawe ya mbele, na shina la mti uliokuwa karibu, huku akiimba wimbo wa kanisani. Sijawahi kumwona amechangamka vile tangu Baba azikwe.

Niwaambie kidogo kuhusu kazi yetu, mnielewe. Mpingo mweusi wa kweli hatukuwa nao, kwa hiyo tulichonga jakaranda, mti mweupe, halafu tunaupaka polishi nyeusi ya viatu. Hilo lilikuwa jambo la kawaida kwa kila fundi, lakini lina masharti yake: unapaka, unaacha siku kadhaa kivulini mti unywe, unasugua kwa kitambaa mpaka mkono ukipita utoke safi. Nikafanya yote hayo. Kiti kikatoka, jamani. Mgongoni nilichonga simba wawili wanaotazamana, na kwa mara ya kwanza maishani nilichonga simba asiyefanana na mbuzi.

Asubuhi ya sikukuu rafiki yangu Wafula, aliyekuwa kibarua kwenye kiwanda cha mabati, akaja na mkokoteni tukibebe kiti.

"Manze, hii kiti ni noma," akasema. "Ningekuwa mgeni ningeenda nayo home."

Ndipo Mama akatoka na kitambaa. Mnajua vile vitambaa vya mama zetu, vya kutandika juu ya makochi, na hiki alikishona kwa siri, kirefu cha kufunika mgongo wa kiti na pale pa kukalia, kitambaa kizito cheupe chenye maua ya uzi wa machungwa na kijani, na katikati maneno KARIBU MGENI. Akakitandika mwenyewe, akakinyoosha kwa viganja.

"Mgeni hakalishwi kwa mbao tupu, mwanangu. Hata hapa kwetu hatufanyi hivyo."

Nikasema asante Mama. Moyoni nilikuwa naungua kwa aibu, maana simba wangu wote wawili walikuwa wamefunikwa na maua ya machungwa, na nikajiona nimesimama mbele ya wakubwa na kiti kinachofanana na sebule yetu. Mama akarudi kwa sufuria zake, na sisi tukafika jukwaani, na kabla Wafula hajamaliza kufungua kamba nilikuwa nimekitoa kile kitambaa, nimekikunja, nimekitia kwenye mfuko wa nailoni, nimekisukuma ndani ya koti.

"Si mathee amekishona?" Wafula akauliza.

"Nyamaza, hicho ni cha nyumbani."

Uamuzi wangu ulikuwa huo tu, mdogo hivyo, ila baada ya kukitoa nikaona kamba ya mkokoteni imekwaruza pale pa kukalia, weupe wa jakaranda unachungulia, jambo ambalo kitambaa kingelificha na maisha yangeendelea. Kopo la polishi lilikuwa mfukoni. Nikakunja mikono ya koti, nikachota kwa vidole nikapaka pale palipokwaruzika, pakawa peusi kuliko kwingine, nikapaka na pembeni ili pafanane, nikajikuta nimepaka kiti kizima, na hakukuwa na kivuli wala siku za kungoja, kulikuwa na jua la Desemba na bendi inayokaribia. Nikasugua kidogo kwa mkono wa shati. Kikang'aa. Nikajiambia kitakauka.

Mgeni akafika amevaa suti nyeupe. Kuanzia soksi. Nilipomwona akishuka garini nikataka kupiga kelele, lakini ungemwambia nini mtu kama yule, usikae? Akakaa. Akaegemea. Diwani aliyekuwa nyuma yake akanionyesha dole gumba.

Bendi ikapita, magari ya viwanda yaliyopambwa yakapita, na jua likawa linamwagika juu ya lile jukwaa mpaka nikawa nanusa polishi kutoka nilipokuwa nimesimama (labda nilikuwa nanusa mikono yangu mwenyewe). Kisha wakaja watoto wa shule za mtaa, mgeni akasimama awapungie, halafu, kwa adabu zake, akageuka kuwasalimu wazee waliokaa nyuma, na kwa kufanya hivyo akaipa barabara nzima mgongo.

Simba wangu wawili walikuwa kwenye koti lake, wanatazamana. Chini yao, kwenye suruali, mabaka mawili ya duara.

Mtoto mmoja akacheka. Kicheko kikapita safu hadi safu, mpiga ngoma akapoteza mdundo, miguu ikagongana, na watu waliojaa kando ya barabara wakaangua kicheko ambacho nina hakika kilisikika hadi mtaa wa Umoja. Mgeni akadhani wanamshangilia, akapunga zaidi. Mtu akamnong'oneza, akajipapasa nyuma, akatazama kiganja chake, na kwa kuchanganyikiwa akajifuta jasho la paji la uso kwa kiganja hichohicho.

Hapo ndipo akili iliponiruka. Nikawaza nikikitandika kile kitambaa kabla hajakaa tena huenda nikaokoa kitu, sijui nilitaka kuokoa nini, nikapanda jukwaani mkono uko ndani ya koti. Fikirieni wenyewe, kijana anamkimbilia mkubwa huku mkono uko ndani ya koti! Askari wakaniangusha kifudifudi. Waliponiinua mikono yangu ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko na kila mtu akaiona.

"Ni wewe umetengeneza kiti?" mgeni akaniuliza, taratibu, na lile baka kwenye paji la uso.

Nikamtazama Diwani.

"Huyu simjui," Diwani akasema.

Waliniachia jioni, baada ya kunipekua na kuridhika kwamba silaha yangu ilikuwa kopo la polishi na kitambaa cha maua, wakanirudishia. Nikatembea hadi nyumbani nikijificha nyuma ya watu. Mama alikuwa amesikia tayari, aliniwekea chakula akaendelea kuchambua maharagwe ya kesho.

Kesho yake asubuhi tingatinga likaja. Vibanda vingine vilikuwa vimeshaondoka kabla ya sherehe, kwa hiyo lilikuja kwa ajili ya kimoja tu, cheupe, kilichopakwa chokaa vizuri. Halikuchukua muda. Mama alikuwa ametoa sufuria nje akasimama nazo kandokando yake, na vibarua waliokuja kunywa uji wakasimama naye kama watu walio makaburini.

Wafula akatokea akisukuma mkokoteni. Alikikuta kiti mtaroni, walikuwa wamekitupa, akaona si haki. Akakishusha penye lile vumbi.

Mama akakizunguka.

"Na kitambaa changu?" akauliza. "Nilijua wangekiiba. Kilikuwa kizuri." Na nawaambia uso wake ulikuwa na fahari kidogo, katikati ya mabati yale yaliyopondwa.

Ningeweza kunyamaza. Angekufa akiamini kitambaa chake kiko sebuleni kwa mkubwa fulani. Lakini Wafula alikuwa ananitazama, na mimi mwenyewe nilikuwa nimechoka, nikatia mkono ndani ya koti nikakitoa. Kilikuwa kimekunjwa vilevile ndani ya nailoni yake, hakina hata doa.

Mama alikipokea akakigeuza. Alikuwa mshonaji, aliona jinsi kilivyokunjwa kwa makusudi, na sikuhitaji kumweleza.

"Kumbe hakikukaliwa," akasema.

Basi. Alikitandika juu ya kiti, akakinyoosha kwa viganja, akakaa, akafunua sufuria, akaanza kupakua githeri pale nje juani. Kila siku akawa anafanya hivyo, na alipoinuka gauni lake lilikuwa safi, halikuwahi kupata doa hata moja, na mimi kila nilipoliona lile gauni safi nilitamani ardhi inimeze. Mvua za masika zilipokuja akapigwa na baridi kifuani, wateja wakapungua, akarudi Ukambani kwa ndugu yake kungoja apate nafuu. Hakurudi tena mjini. Nilimzika huko.

Sasa mnajua. Polishi sijaigusa tena, jakaranda nauza jinsi ilivyo, nyeupe, asiyeitaka aiache. Na hicho kitambaa ulichokalia, wewe uliyekuwa unataka kukisogeza kando tangu uingie ukisema rangi zake zinaumiza macho, nakuomba sana ukiache hapohapo.