Mkilua wa Bibi na Ufagio wa Bakari

Enzi zetu, watoto wa Munje tulijua mkilua kabla ya kujua herufi. Bibi mzaa mama alikuwa nao mmoja nyuma ya jiko, chini ya mkorosho mkubwa. Ulikuwa na kimo cha mtu mzima, na haukupukutika majani mwaka mzima. Vilua, ndiyo maua yake, vilining'inia vya kijani kama vidole, na vilipoiva vikawa manjano, mgeni aliisikia harufu kabla hajapiga hodi.

"Mkilua ni mwari," Bibi alisema. "Haonwi na jua." Kila jioni aliumwagilia maji aliyooshea mchele, na chini yake alipiga marufuku ufagio. Ua mzima tulifagia hadi mchanga ukabaki na mistari kama kichwa kilichochanwa, lakini pale majani makavu ya mkorosho yaliachwa yaoze. Nilipokuwa na miaka saba nikang'oa mche mdogo nikaupanda katikati ya uwanja, nione kama jua litaula kweli. Liliula kwa siku tatu. Bibi hakunichapa. Alinikalisha kando ya ule mche mkavu, saa sita mchana, kichwa wazi.

"Haya, mwulize mwenzako anasikiaje."

Sikuhitaji kuuliza.

Leo watu wananunua miche Ukunda, wanaipanga juani kama wanafunzi gwarideni, wanaimwagilia adhuhuri, na ikifa wanaulaumu mchanga. Ukiwauliza jina la mmea wao, wanalitafuta kwanza kwenye simu. Walioshindwa kabisa wamemwaga saruji ua mzima na kuweka maua ya plastiki. Hata hayo yamepauka.

Mimi niliacha shule darasa la sita nikaenda zangu. Jego nilivua kaa, Mkongani nikapalilia minazi, Diani nikakata nyasi za hoteli, na kila nilipofika niliuliza habari za miti ya watu. Mwaka huu nilirudi Munje wiki tatu kabla ya harusi ya Mwanaisha, binti wa dada yangu. Kwetu bibi harusi hutiwa nyweleni kilua cha mti ule ule. Alitiwa mama yake, na kabla yake alitiwa nyanya yake. Basi nikaenda nyuma ya jiko kuutazama.

Mkorosho haukuwepo. Mkilua ulisimama juani, majani yameungua kingo, na chini yake pamefagiwa peupe. Binamu yangu Bakari, aliyebaki na nyumba tangu Bibi afariki, alikuwa ameegemea ufagio kwa fahari.

"Nimeufungulia," akasema. "Ulikuwa gizani, maskini. Mmea bila jua utapikia nini chakula chake?"

"Bakari, huu ni wa kivulini."

"Nimeona video, kaka. Wewe uliyemkimbia mwalimu utanifunza sayansi?"

"Huyo wa video ana mkilua?"

Mwanaisha, aliyekuwa akipepeta mchele mlangoni, akacheka. Kisha akauliza polepole, "Mjomba, kitapatikana hata kimoja?"

Nikasimamisha nguzo nne nikaezeka makuti juu ya mti. Majani makavu nikayaomba kwa jirani mwenye mikorosho, na maji ya mchele akaniwekea Mwanaisha. Bakari aliwaambia wapita njia, "Mwoneni huyu. Mti ameujengea nyumba, mwenyewe hana."

Majani mapya yakatoka. Asubuhi ya harusi palikuwa na kilua kimoja, cha kijani. Bakari akaja na mkasi.

"Tukate. Picha haina harufu."

"Mjomba Bakari, weka mkasi chini," akasema Mwanaisha. "Kikikatwa kibichi ni jani tu."

Akaolewa kwa manukato ya chupa, yaliyokwisha kabla ya biriani.

Siku ya nne ya fungate kilua kikaiva. Nikakifunga katika pindo la leso, dada yangu akampelekea bintiye ndani. Alirudi na salamu moja: "Mwambieni mjomba, sasa nimeolewa." Bakari, aliyepishana na dada yangu njiani, alikuja kuniuliza yale ni manukato gani na yanauzwa duka gani.

Enzi zetu hakuna aliyetaja siku ya harusi kabla ya kwenda nyuma ya jiko kuutazama mkilua. Sasa tunachapisha kadi, kisha tunaukasirikia mti kwa kuchelewa. Mkorosho ule ulikua kwa umri wa Bibi na uliangushwa kwa asubuhi moja. Makuti yangu hayatapita misimu miwili, kwa hiyo nimefukia korosho palepale palipokuwa na kisiki. Na mimi, ambaye sijawahi kukaa mahali misimu miwili, nimeketi Munje nangoja kivuli.