Jioni Nilipokata Mabawa ya Mushi

Siku ya kwanza kazini nilipewa mkasi, uzi wa hariri na mfuko wa manyoya ya kuku. Nilikuwa mshonaji, niliyelelewa Bukavu na kurudi Rusizi nikiwa mtu mzima. Kuhusu samaki nilijua kukaanga sambaza tu, vile vidagaa vya ziwani. Kituo chetu cha uvuvi kilikuwa juu kule Nkungu, mahali mto unapotoka msituni ukiwa baridi. Chef, yaani mkuu wa kituo, akanionyesha ndoano ndogo kuliko ukucha.

"Maman Zawadi, apa tunavua truite, samaki ya maji baridi," akasema. "Hatutumie munyoo. Tunafunga manyoya kwa ndoano, samaki anazani ni mududu. Ile tunaita mushi."

Mushi haina uzito. Mvuvi hurusha kamba nene kwa ufito mrefu, nayo kamba huibeba mushi mpaka majini. Nilijifunza hayo polepole, na kazi ikanikaa vidoleni.

Kisha ukaja msimu ambao wageni waliolipa kuja kuvua walirudi mikono mitupu, wiki baada ya wiki. Patron, mwenye kituo, akaja kutoka Kigali.

"Kama samaki wamekwisha, nafunga," alituambia. "Nitavua mwenyewe siku tatu, nione."

Siku ya tatu mvua ilikatika jioni. Ghafla mto ukafuka wadudu. Ni wale wanaokua chini ya mawe. Siku yao ikifika hupanda juu, hupasua ngozi, hutoka na mabawa. Samaki walichemsha maji kila upande. Patron alirusha, akarusha, asipate kitu.

"Mupatie ingine! Kubwa!" Chef alinipigia kelele.

Badala yake nikachutama ukingoni, nikaangalia. Midomo ya samaki haikutokeza hata mara moja. Iliyoonekana ni migongo tu. Wadudu wenye mabawa walielea juu ya vichwa vyao bila kuguswa.

"Chef, habakule bale ba juu. Banakula bale bangali mu maji, bila mabawa."

"Weye ni mushonaji, Maman."

Lakini Patron alikuwa amechoka. Akaninyooshea mushi yake. "Kata."

Nikakata mabawa, nikailowesha kwa mate ili izame kidogo. Aliporusha, kamba ikasimama, kisha ikakimbia. Alimtoa truite mrefu kama mkono wangu mpaka kiwiko, akamwachia majini, akaketi palepale mtoni na suruali yake nzuri, anacheka.

Kituo hakikufungwa. Asubuhi Chef alileta kiti chake karibu na meza yangu.

"Nifundishe kuangalia," akasema.

Nilifanya kazi pale mpaka macho yakakataa kuona tundu la ndoano. Sasa naishi Gashonga, na sina majuto. Mvua ikikatika jioni, wadudu wakaanza kupanda juu ya kijito nyuma ya migomba, naacha maharage jikoni na kwenda. Hakuna truite mle. Maji yana joto mno. Naangalia tu.